Kinara cha Nne cha Mama Doroti

Ukikabidhiwa chombo cha fedha, usianze kukifuta. Kigeuze kwanza uangalie chini yake, ukisogeze kwenye mwanga wa dirisha, usome kilichoandikwa hadi neno la mwisho. Mimi nilisoma neno moja nikaona inatosha, na uvivu huo mdogo ulinikaa kifuani miaka saba.

Ninawaandikia nyinyi mnaoanza kazi za mezani na za stoo kwenye makambi ya watalii huko upande wa Natta, kando ya mbuga ya Serengeti. Baadhi yenu nawajua tangu mlipokuwa mkibebwa mgongoni. Wengine mmetoka mikoa ya mbali na hata njia za huko hamjazijua vizuri. Mimi naitwa Bhoke. Nilifanya kazi kambi moja miaka ishirini na sita: kwanza kufua mashuka, kisha kuhudumia meza, mwisho kutunza vyombo, hadi magoti yalipokataa kupanda ngazi za stoo. Sasa niko kwetu Nyangoto, kwenye kiwanja cha kaka yangu, chumba kimoja na kibaraza. Kaka hushinda shambani na wanawe hushinda kwenye machimbo ya dhahabu. Mimi nashinda na redio. Mambo ya kueleza ninayo mengi, wa kumweleza hayupo, kwa hiyo mkiona narefusha mnivumilie.

Ninaposema fedha nasema madini, yale meupe yanayong'aa. Kambini kwetu vilikuwepo vijiko vyake, sinia moja, na vinara vinne vya mishumaa. Vinara ndivyo vilivyokuwa mali hasa. Vilitengenezwa Amerika zamani, vikakaa mezani kwa bibi wa mwenye kambi kabla yeye mwenyewe hajazaliwa. Kila kimoja kilikuwa na urefu wa kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Kitako kilikuwa cha mviringo chenye ukingo wa majani yaliyochongwa, shina likapanda jembamba na pembe zake nane, na juu kulikuwa na kikombe kidogo cha kushikia mshumaa. Chini, kwenye ukingo wa kitako, paligongwa neno STERLING. Vyombo vya Kiingereza hugongwa alama ya simba na vialama vingine vinavyohitaji mtu wa kukufundisha. Wamarekani wengi waliliandika neno lenyewe, wakamaliza. Maana yake ni kwamba katika sehemu elfu moja za madini hayo, mia tisa na ishirini na tano ni fedha, na zilizobaki ni shaba, kwa sababu fedha tupu ni laini, hupinda.

Kwa hiyo nilisoma STERLING, nikainua kinara, nikauona uzito wake, nikajiambia: hiki ni fedha nzima kuanzia ngozi hadi moyo. Mtu aliyekulia Nyangoto hafikiri vingine. Kwetu kitu kizito ni kitu cha kweli, na chepesi ni cha kukudanganya.

Aliyenifundisha kusugua ni Mzee Machaba, mtu wa Natta hapo hapo, mhudumu wa meza tangu kambi ilipokuwa mahema matatu. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya chini, na alivaa glavu nyeupe hata akiwa anamenya chungwa lake. Siku ya kwanza alinikuta nikisugua kijiko kwa majivu na maganda ya ndizi, kama tunavyosugua sufuria.

"Unamwua," akaniambia.

"Nani, mzee?"

"Kijiko. Kila ukimsugua hivyo unamvua ngozi. Ana ngozi moja tu huyo."

Akanionyesha. Unachukua chaki nyeupe, unaitwanga, unaichekecha kwa kitambaa chepesi hadi ibaki kama poda ya mtoto. Unailowesha kwa spiriti kidogo. Unapaka kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara nyingi. Fulana kuukuu inafaa kuliko chochote cha dukani. Unasugua kwa kwenda na kurudi katika mstari mmoja. Usizungushe, kwa sababu mikwaruzo ya mduara huonekana ukiwa umesimama mlangoni, ile ya mstari hujificha. Ukimaliza, usiguse kwa vidole vitupu. Jasho la kidole linaandika, na baada ya wiki mbili utaona alama ya gumba lako imekaa pale kama saini.

Steelwuli, zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, ni mwiko. Dawa ya meno wengi wanaisifu, lakini ina mchanga ndani. Nta ya mshumaa ikigandia, usiikwangue kwa kisu. Weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu, subiri, kisha isukume kwa kijiti cha mwanzi. Fedha haipendi mayai, vitunguu, mipira ya kufungia karatasi, wala moshi. Hivyo vyote huitia weusi. Siku hizi nasikia mnatumia sufuria ya alumini, maji ya moto na magadi, mnatumbukiza chombo na weusi unahama wenyewe. Ni njia nzuri, kwa vijiko. Vinara msivitumbukize kamwe, na sababu yake nitawaambia.

Mzee Machaba alistaafu akaniachia funguo na glavu zake jozi mbili, ambazo hazikunienea. Alifariki mwaka uliofuata. Tangu hapo pale kambini hapakuwa na mtu mwingine wa kuongea naye habari za fedha, isipokuwa mwenye vinara.

Yeye tulimwita Mama Doroti. Alikuwa Mmarekani, mjane, mwenye kambi pamoja na wenzake ambao hatukuwaona. Alikuja kila mwaka mwezi wa sita na kuondoka mwezi wa kumi. Kiswahili alikijua vizuri, kile cha kwetu huku bara, kisicho na mapambo. Alinipita umri kwa zaidi ya miaka ishirini, nami nilimwamkia shikamoo, naye aliitikia marahaba kwa uzito, kama mtu aliyeelewa anachopewa.

Asubuhi wageni wakishaondoka na magari kwenda kuangalia wanyama, alikuja kwenye kibaraza cha stoo akiwa na kiti chake cha turubai. Tulitandika gazeti. Vinara viwili vyake, viwili vyangu. Tulisugua hadi saa nne. Mara nyingine aliniambia habari za bibi yake, mwanamke mkali aliyewapanga wajukuu mezani kwa urefu, au za wanawe.

"Niliwauliza nani anataka vinara nikifa," akaniambia siku moja. "Wote wakaangalia sakafu. Wanasema vinara ni kazi."

"Ni kazi kweli, mama."

"Ndiyo. Lakini wewe unaipenda."

Nilisema naipenda. Sikumwambia kwamba nilichokipenda zaidi ni kile kiti cha turubai kufunguliwa karibu yangu. Mume wangu alifia kwenye shimo la dhahabu tukiwa na miaka mitatu ya ndoa, mtoto hatukupata, na kambini watu huja na kuondoka na misimu. Mtu kukaa na wewe kila asubuhi bila kuhitaji kitu si jambo dogo.

Mpishi wetu, Wambura, hakuniacha salama. Kila akipita na ndoo yake ya viazi alisimama.

"Dada Bhoke, hao waume zako wanne wameamkaje?"

"Wazima, shemeji yao."

"Heri wewe. Mimi nina mke mmoja na hatuongei tangu Jumapili. Wewe una waume wanne na hakuna hata mmoja aliyeomba ugali."

Mama Doroti alicheka hadi akavua miwani.

Kila masika kambi ilifungwa. Barabara zinakuwa tope, wageni hawaji, na wafanyakazi wanarudi makwao kulima. Alibaki askari getini, mbali, ng'ambo ya mto mdogo ambao ukijaa humuoni siku tatu. Nami nilibaki, kwa kuwa vyombo vinahitaji mtu na mimi sikuwa na shamba lililoningoja. Wiki saba, nane. Ukikaa hivyo unaanza kusema peke yako. Nilimwambia Mzee Machaba habari za siku, na yeye amekwisha kufa. Nilihesabu nyumbu. Nilipika chakula cha watu wawili kwa kusahau, nikakila chote kwa kuogopa kukitupa.

Masika ya mwaka mmoja mvua haikupumzika. Siku moja baada ya chakula cha mchana nilifungua sanduku la vinara nikasikia harufu ya ukungu. Kile kitambaa cha kijani kilichobandikwa chini ya vitako kilikuwa kimelowa, na kwenye shina la kimoja palikuwa na madoa meusi kama ndui. Nikashtuka. Chumvi na unyevu zikikaa kwenye fedha huchimba vishimo, na vishimo havifutiki.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea, na nilikosea kama binti wa mfugaji anavyoweza kukosea. Nyumbani kwa mama yangu, kibuyu cha maziwa kikianza kunuka ukungu hakioshwi kwa maji. Kinapelekwa motoni. Unatia makaa ya mti mzuri, unakizungusha, unakiacha kikauke taratibu kando ya jiko hadi kinukie tena. Nilifanya hivyo tangu nina miaka sita. Mikono yangu ilijua jambo hilo kabla ya kichwa. Nikawasha jiko la mkaa, nikaliacha liive vizuri bila moshi, kwa kuwa Mzee Machaba alinikataza moshi, nikakisimamisha kinara kimoja kando yake, shubiri mbili tu kutoka kwenye makaa. Nikakaa nikikigeuza kila upande, nikimwimbia kama mtu aogeshaye mtoto. Kisha nikaenda kuondoa nguo kambani kwa sababu mvua ilizidi.

Niliporudi kinara kilikuwa kimeinama.

Hakikuanguka. Kiliinama tu, kichwa kando, kama mzee aliyesinzia kwenye mkutano. Na chini ya kitako, kwenye kile kitambaa cha kijani, kulikuwa kunatoka kitu cheusi, kizito, kikitambaa sakafuni. Nilidhani fedha imeyeyuka. Nikagusa, nikaungua, nikanusa kidole. Ilikuwa harufu ya barabara mpya. Lami.

Nikakiondoa, nikaketi chini, na kwa mara ya kwanza nikasoma chini ya kitako hadi mwisho. Baada ya STERLING palikuwa na herufi ndogo kama miguu ya sisimizi, nusu zimefutika, zinazosema kwamba ndani kimetiwa uzito. Wamarekani walivitengeneza vingi hivyo: ngozi ya fedha nyembamba kama karatasi ya kalenda, na ndani wamejaza lami au saruji ili kisimame imara mezani. Ndiyo maana nikasema msivitumbukize majini na msiviweke karibu na moto, wala ndani ya gari lililofungwa juani. Mimi nilikuwa nimevishika miaka kadhaa bila kujua nimeshika nini.

Siku ya tatu maji ya mto yakapungua, nikamkabidhi askari funguo, nikakifunga kinara ndani ya kanga, nikapanda gari hadi Mugumu na jingine hadi Nyangoto. Kwa kaka nilisema nimekuja kuwasalimia. Kwetu nilijua yuko fundi mmoja, Ryoba, anayetengeneza pete na hereni za dhahabu ya wachimbaji wadogo. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye nyusi zilizoungua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mura." Ndivyo tunavyowaita vijana wa kiume kwetu. Nikamfungulia kanga.

Akakiweka kwenye mizani yake, akapiga mluzi, akanyoosha mkono kwenye kichomeo cha gesi. Kwetu kila swali linajibiwa kwa moto.

"Tuchome tuone," akasema.

"Ukichoma tu, mura, nalala hapa hapa chini."

Akakiacha kichomeo. Nikamweleza. Akatoa kitambaa cha kijani kwa ncha ya kisu, akachungulia, akacheka polepole.

"Mama, hii ni ngozi tu. Huyu bwana ndani hana kitu, ni barabara ya kwenda Tarime."

"Nyoosha shingo yake. Ndicho kilichonileta."

Alifanya kazi siku mbili, na nilimwangalia kila hatua, kwa hiyo naweza kuwaeleza. Alitoa lami yote kwa maji ya moto na kijiko kirefu. Alichonga kijiti cha mti mgumu chenye unene wa shina, akakipitisha ndani, akaizungusha ile ngozi juu yake huku akibonyeza kwa kidole gumba kilichofungwa ngozi ya mbuzi, taratibu, bila nyundo. Mkunjo ukanyooka, ila pembe moja ilibaki na mstari, kama mkunjo wa shati lililopigwa pasi vibaya. Kisha akasimamisha kipande cha nondo katikati, akakoroga jipsamu, ile ya kutengenezea dari, akaimimina. Ikakauka siku mbili nyingine. Akabandika kitambaa kingine cha kijani, kipya kidogo kuliko vile vitatu.

"Nani atajua?" akaniuliza, akijivuna.

Nikakiinua. Kilikuwa kizito zaidi chini na chepesi juu. Ukikigonga kwa ukucha kilitoa sauti kavu, na vile vingine vilitoa sauti iliyofunikwa. Zaidi yangu, mtu mmoja tu duniani angejua: Mama Doroti.

Njia nzima ya kurudi nilijiandaa kumwambia. Nilikuwa na maneno yote. Naye alifika mwezi wa sita, akashuka kwenye gari, nikamwamkia, na kabla hajavua kofia akaniuliza, "Vinara vyangu vimelalaje masika hii?"

"Salama, mama," nikasema.

Neno hilo moja. Palikuwa na meneja wakati ule aliyemfukuza mhudumu kwa kupoteza kijiko, na alikuwa amesimama pale anasikiliza. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa mwaka wa kwanza. Meneja aliondoka mwaka wa pili, na bado sikusema.

Sasa asubuhi zetu zikawa na hesabu yake. Nilipanga gazeti ili kile cha nne kiwe mbali na mkono wake. Vitatu niliviacha vizunguke, hicho nilikisugua mwenyewe kila mara, na kabla ya yeye kufika. Mezani nilikiweka pembeni, mwisho. Yeye alikaa kwenye kiti chake akaongea kama zamani, nami nilijibu kwa nusu ya kichwa, nusu nyingine ikilinda kinara. Nilikuwa na rafiki mmoja wa kazi yangu na nikawa naketi karibu naye kama mtu anayelinda mlango. Alikuwa karibu nami hadi nikisikia pumzi yake, nami nilikuwa peke yangu kuliko masika.

Wambura ndiye niliyemwambia, kwa kuwa nililazimika kumwambia mtu. Kila msimu alipita na ndoo yake.

"Umemwambia?"

"Bado."

"Dada, hata mimba haifichiki muda huo."

Mara moja tu nilijaribu kuanza. Ilikuwa asubuhi ya baridi, msimu wa nne tangu kosa. Nikaweka kitambaa chini nikasema, "Mama, kuna jambo nataka kukuambia."

Akaacha kusugua. "Kama unataka kuacha kazi, usiniambie leo," akasema. "Niambie kesho." Alitabasamu, lakini mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa kiti.

"Sabuni imeisha," nikasema.

"Sabuni," akasema, akapumua. "Basi tutanunua sabuni."

Niliwaza moyoni: mwakani. Mwakani nitaanza na jambo lenyewe moja kwa moja. Ukapita msimu wa tano nao. Kisha hakuja. Tuliambiwa anaumwa. Mwaka uliofuata hakuja tena, na tukasikia kambi inauzwa. Mimi niliendelea kusugua vinara vinne kila wiki, kwa meza ambayo wageni wake walikwisha kuwekewa taa za betri. Kitu kisichotumika huingia weusi haraka kuliko kinachotumika, mtaliona hilo. Mikono ya watu na kitambaa cha kila siku ndivyo vinavyokitunza.

Nawaambia haya kwa sababu mtavunja vitu. Kila mtu wa kazi hii anavunja. Mtapasua glasi ya mgeni, mtachoma kitambaa cha meza, mtapoteza funguo. Nendeni mkaseme siku hiyo hiyo, kabla mikono haijaacha kutetemeka, kwa sababu mtu akikuona unatetemeka anaelewa. Mtagombezwa, na kugombezwa kunakwisha kabla ya chai ya saa nne. Mimi niliogopa kugombezwa na mwanamke ambaye hakuwahi kunigombeza.

Mwezi wa sita uliofuata, miaka saba ikiwa imetimia, alikuja, akiwa na binti yake, kuchukua vitu vyake kabla ya wenye kambi wapya kuingia. Nilimngoja kwenye ngazi tangu saa moja asubuhi. Safari hii nilikuwa nimekiweka kile kinara juu ya meza ya stoo, mstari wa shingoni ukitazama mlango, ili hata nikishindwa kusema kiseme chenyewe.

Alishushwa kwenye gari taratibu. Alikuwa mwembamba, amevaa sweta kwenye jua. Nikasogea. Yeye akanitangulia.

"Shikamoo, mama," akaniambia.

Mimi. Kuitikia marahaba kwa mtu aliyenizidi miaka ishirini sikuweza, na kumwacha bila jibu ni ukosefu wa adabu. Nikamshika mikono yote miwili, nikasema, "Shikamoo, Mama Doroti. Ni Bhoke." Akaniitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni msibani.

Binti yake alikijua Kiswahili kidogo cha likizo za utotoni. Alipoingia stoo nilimwambia yote, kwa sentensi fupi ili asipotee: jiko, lami, fundi, jipsamu. Alisikiliza huku akitafuta kitu kwenye mkoba.

"Hakuna shida, mama," akasema. "Kweli. Mimi sikujua hata kama vina kitu ndani."

Alikuwa mtu mwema, na hakuwa na neno la kunipa. Hakuwahi kuvisugua. Akatoka kwenda kuangalia mizigo kwenye gari, akaniachia soksi nzito za kuvifungia, akaniomba nikae na mama yake dakika chache.

Mama Doroti alikuwa ameketi kwenye kiti cha stoo, magoti pamoja. Nikakichukua kinara cha nne nikampa mkononi. Akakipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akapitisha gumba kwenye shina hadi gumba lilipofika kwenye ule mstari, likasimama.

"Kina kidonda hapa," akasema.

"Ndiyo, mama. Nilikiharibu mimi. Nilikiweka karibu na moto wakati wa masika, kikainama. Nikaenda kukitengeneza kwa siri, nikakuficha. Nilikuambia salama na haikuwa salama."

Alinisikiliza hadi mwisho, macho yake kwenye uso wangu, kama alivyosikiliza sikuzote.

"Pole," akasema. "Pole sana. Umemwambia mwenye kinara?"

Nje gari liliwashwa, likazimwa tena.

"Ndiyo nataka kumwambia," nikasema.

"Mwambie tu." Akanirudishia kinara, kwa uangalifu, kitako kikitangulia. "Atakasirika kidogo, halafu basi."

Nikapiga magoti pale chini, magoti yaliyokwisha kuuma, nikaanza kukiingiza kwenye soksi.

"Nitamwambia, mama," nikasema.